Dawa ya ukungu isikuponyoke: cha kuchanganya na udongo chini ya nyasi zako Nairobi

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilimaliza kupiga dawa ya ukungu saa kumi na moja jioni, kwenye grini mpya ya gofu, yaani ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo la mpira, tuliyoijenga kwa mchanga mtupu. Mawingu nilikuwa nimeyaona upande wa Ngong, nikajiambia yatapita. Hayakupita. Asubuhi nilipokwenda kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji, pale linapomwaga mtaroni, maji yalikuwa bado yanatoka, na yalinuka dawa ile ile ya jana. Mtaro huo unaishia mtoni. Siku kumi baadaye madoa ya ukungu yakarudi kwenye nyasi. Nikapiga tena, nikalipa tena.

Kwa muda mrefu niliilaumu mvua. Mvua ilikuwa na sehemu yake, lakini kosa kubwa lilikuwa chini ya miguu yangu: mchanga ule haukuwa na kitu cha kuishika dawa. Unachochanganya na udongo ndicho kinachoamua kama dawa itakaa penye mizizi hadi vijidudu vya udongoni viivunje, au itafuata maji. Na kitu hicho hicho kikishika kupita kiasi, kinaweza kuinyima nyasi dawa uliyoinunua. Kazi yote iko katikati ya mambo hayo mawili.

Ninayoandika hapa yanamfaa anayetunza grini, uwanja wa shule, au ua wa nyumba tu.

Hatua ya 1: Chimba uone

Kabla hujanunua chochote, chukua jembe ukachimbe shimo la sentimita 40 pembeni mwa nyasi, mahali ambapo kovu halitaonekana. Nairobi ina udongo wa namna nyingi, na majirani wawili wanaweza kuwa na matatizo mawili tofauti kabisa.

Udongo mwekundu wa Karen, Runda na kuelekea Kiambu huwadanganya wengi. Ukiufinyanga unanata, kwa hiyo mtu hudhani maji hayapiti. Uvunje polepole mkononi uone: umejigawa makombo madogo, na kati ya makombo kuna njia. Maji hushuka humo haraka kuliko unavyodhani.

Udongo mweusi wa pamba wa Embakasi, Syokimau na Athi River una tabia mbili. Ukilowa unafunga kama nta. Ukikauka, Januari na Februari, unapasuka nyufa za kutosha kuingiza kiganja. Ukipiga dawa juu ya nyufa hizo na mvua ya kwanza ikaja, dawa haipiti kwenye udongo hata kidogo. Inadondoka moja kwa moja chini, na hakuna mboji iliyo juu itakayoizuia. Hapo mwagilia kidogo kidogo siku kadhaa hadi nyufa zifunge, ndipo ufikirie dawa.

Aina ya tatu ni mchanga uliojengwa na binadamu: grini za gofu na viwanja vya kisasa. Vipimo vya USGA, chama cha gofu cha Marekani, ambavyo wajenzi wengi wa grini hufuata, vinataka sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto, na maji yapite angalau milimita 150 kwa saa. Zimejengwa ili zivuje. Ndiyo sababu ndizo zinazohitaji kuangaliwa zaidi, hasa mwaka wa kwanza, kabla mizizi haijaacha mabaki ya kutosha mchangani.

Ukiwa bado shimoni, pima lile tabaka la mabua makavu lililo kati ya majani mabichi na udongo. Nyasi za Kikuyu hulitengeneza kwa wingi, na wengi tunalichukia kwa sababu linafuga ukungu. Lakini ndilo linalokamata dawa nyingi kabla haijagusa udongo. Likiwa sentimita moja, liache. Likizidi hapo, kwangua, ila usikwangue wiki moja na kupiga dawa wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Ijue dawa yenyewe

Dawa za ukungu hazifanani miguu. Kuna zinazokimbia na kuna zinazoketi. Mwaka 1989 mtafiti aitwaye Gustafson alitoa hesabu rahisi inayoitwa GUS, na simu yako inaitosha. Inahitaji vitu viwili: siku ambazo nusu ya dawa huchukua kuvunjika udongoni, na namba iitwayo Koc, inayoeleza dawa inavyong'ang'ania kaboni ya udongo. Chukua logi ya siku (ile ya msingi wa kumi, kitufe cha log kwenye simu), izidishe kwa (4 kutoa logi ya Koc). Jibu likipita 2.8, dawa huzama kwa urahisi. Likiwa chini ya 1.8, hukaa.

Metalaksili, ambayo watu huitumia kwa ugonjwa wa kuoza mizizi, huwekwa kwenye majedwali kwa siku 70 na Koc 50. Jibu ni kama 4.2. Klorothalonili, siku 30 na Koc 1380, inapata 1.3. Mankozebu nayo iko karibu na 1.3. Propikonazoli iko katikati.

Sasa tazama hesabu ya pili, ambayo ilinibadilisha mawazo. Ukizidisha Koc kwa kiasi cha kaboni kilichomo udongoni unapata nguvu ya mshiko. Mchanga maskini wenye kaboni asilimia 0.5, yaani 0.005, unaishika metalaksili kwa 0.25. Uongeze mboji hadi kaboni ifike asilimia 2, mshiko unakuwa 1. Umeuongeza mara nne, na si jambo dogo. Lakini klorothalonili, kwenye ule mchanga maskini kabla ya kuongeza chochote, tayari ina mshiko wa 6.9. Kwa hiyo kama ugonjwa wako ni wa majani na dawa inayoketi inaweza kuutibu, kubadilisha dawa kutakufaa kuliko lori zima la mboji. Mboji na wenzake ni kwa siku ambazo huna budi kutumia dawa yenye mbio.

Tahadhari moja kuhusu hizi zinazoketi. Dawa ikivunjika, vipande vyake vinaweza kuwa na mbio kuliko yenyewe. Mankozebu huzaa kipande kiitwacho ETU, ambacho huyeyuka sana majini. Klorothalonili ilinyimwa kibali kipya Umoja wa Ulaya mwaka 2019, na mojawapo ya sababu ilikuwa vipande vyake kuhofiwa kufika kwenye maji ya ardhini. Kwa hiyo usisome GUS kama cheti cha tabia njema. Angalia pia orodha ya sasa ya bodi ya dawa za wadudu, PCPB, kabla ya kununua, maana dawa huondolewa. Na soma lebo: nyingi zilizoko kwenye maduka ya agrovet zimeandikwa nyanya na viazi. Kama nyasi hazikutajwa, tafuta nyingine.

Hatua ya 3: Chagua cha kuchanganya

Mboji iliyoiva ndiyo ninayoianza nayo daima. Inashika dawa, inashika maji, na inawalisha vijidudu wanaoivunja dawa hiyo. Neno zito hapo ni iliyoiva. Mboji changa, na samadi mbichi zaidi, ina vitu vinavyoyeyuka majini ambavyo huibeba dawa mgongoni na kuishusha. Kuijua, tia konzi mbili kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku kucha. Maji yakiwa rangi ya strungi iliyokolea, irudishe kwenye lundo. Yakiwa na rangi hafifu tu ya majani makavu, na mboji hainuki wala haina joto ukiichimba mkono, chukua. Usiimwage bila kipimo hata hivyo; naitrojeni na fosforasi nazo hushuka, na mto haujali ni kipi kilichouchafua.

Kokopiti, yaani vumbi la makumbi ya nazi, inafaa kwenye mchanga kwa sababu haiozi haraka. Ioshe kwanza kama ina chumvi. Piti ya kutoka nje hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya kuumiza, na sioni sababu ya kuiagiza.

Makaa ndiyo yenye nguvu kuliko vyote, na ndiyo yanayotumiwa vibaya kuliko vyote. Siku ya kwanza nilipokwenda kutafuta vumbi la makaa, mama anayeuza alinitazama juu hadi chini.

"Mama, shikamoo. Naomba gunia mbili za vumbi."

"Marahaba. Vumbi? Watu hugombana na mimi nikiwawekea vumbi, wewe unalinunua?"

"Ni la nyasi, mama."

"Haya. Nyasi nazo zimeanza kupika."

Makaa yana vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, na dawa huingia humo isitoke kwa urahisi. Uzuri wake ndio ubaya wake. Mimi niliyachanganya kwenye sentimita tano za juu, halafu ugonjwa wa mizizi ukaja, nikamimina metalaksili. Ilikuwa kama kumwaga maji kwenye sifongo. Makaa yaliinywa kabla mizizi haijaionja. Kwa ugonjwa wa majani nisingeona tofauti, kwa kuwa dawa hufanyia kazi juu. Kwa ugonjwa wa mizizi niliharibu kila kitu. Pia chekecha kwanza. Punje za ukubwa wa sukari ni nzuri. Unga laini kabisa huziba njia za maji mchangani. Kadiri miaka inavyopita, vitundu hujaa na nguvu hupungua, kwa hiyo usitegemee makaa ya mwaka juzi yafanye kazi ya leo.

Zeolaiti huuzwa kwa sifa nyingi. Inashika vizuri amonia na potasiamu, vitu vyenye chaji chanya. Dawa nyingi za ukungu hazina chaji hiyo, hivyo zinaipita tu. Itakusaidia kwa mbolea, na kidogo kwa kuyapunguzia maji mwendo. Mawe mepesi ya Naivasha, yale ya kusugulia visigino, na udongo mweupe wa Kariandusi vina tabia inayokaribiana na hiyo: vinashika maji kuliko vinavyoshika dawa.

Mchanga nao ni kitu cha kuchanganya, hata kama hatuuiti hivyo. Kila lori la mchanga unalolimwaga juu ya udongo mwekundu linapunguza kaboni na kufungua njia. Kwenye udongo mweusi, mchanga kidogo hukupa kitu kinachofanana na tofali. Kama sababu pekee ya kuuleta ni kwamba uwanja wa jirani unao, acha.

Hatua ya 4: Jaribu kwenye mabomba kabla ya uwanja

Hatua hii watu huiruka, nami naiona tamu kuliko zote. Nunua bomba la plastiki la inchi 4, likate vipande vinne vya sentimita 35. Funga chini kwa kipande cha chandarua kuukuu na mpira. Jaza sentimita 30: bomba la kwanza udongo wako ulivyo; la pili udongo na mboji; la tatu udongo na kokopiti; la nne udongo na mboji, na makaa yakichanganywa kwenye nusu ya chini tu. Shindilia kila sentimita tano kwa mti, hasa kingoni, maana maji hupenda kuteleza kwenye ukuta wa bomba na kukupa jibu la uongo.

Yasimamishe juu ya makopo, yamwagilie hadi yadondoke, uyaache yalale usiku huo. Asubuhi weka kijiko kimoja cha chai cha rangi ya chakula, nyekundu, juu ya kila bomba. Kisha anza mvua yako. Hapa hesabu inapendeza: bomba la inchi 4 likipata robo lita ya maji, limepata mvua ya milimita 30 hivi, yaani mvua moja nzuri ya masika. Mimina robo hiyo polepole kwa nusu saa, kwa kopo lililotobolewa msumari. Kusanya kinachotoka kwenye glasi. Fanya hivyo mara tatu kwa jumla, kila robo na glasi yake.

Panga glasi zote kumi na mbili mezani juu ya karatasi nyeupe. Kwangu, mchanga mtupu ulitoa glasi ya kwanza safi, ya pili nyekundu kama juisi ya zambarau iliyozimuliwa, ya tatu imeanza kufifia: rangi ilikuwa imeshakwenda zake. Bomba la mboji lilichelewa hadi glasi ya tatu, na rangi ilikuwa hafifu. La makaa halikutoa rangi kabisa. Rangi ya chakula si dawa ya ukungu, na haina Koc ya metalaksili, kwa hiyo usiitumie kutabiri siku wala kiasi. Inakuonyesha tu mchanganyiko upi unavuja kuliko mwenzake, na kama kuna njia ya mkato ndani ya udongo. Rangi ikitokea kwenye glasi ya kwanza, tena ghafla, una njia ya mkato.

Hatua ya 5: Weka mahali pake

Unapojenga upya kwa mchanga, kipimo cha kawaida ni sehemu nne za mchanga kwa moja ya mboji au kokopiti, kwa ujazo. Eneo la mita 10 za mraba lenye kina cha sentimita 30 ni mita 3 za ujazo, hivyo unahitaji lita 600 za kuchanganya: madebe 30 ya lita 20. Changanya nje ya shimo, kwa sepetu, kwenye turubai. Ukimwaga mboji tabaka na mchanga tabaka, maji yatasimama kwenye mpaka na mizizi itaoza.

Makaa, kama unayatumia, yachanganye kwenye nusu ya chini peke yake, na mimi sivuki sehemu moja kwa kumi. Kwa njia hiyo mizizi mingi, iliyoko juu, hupata dawa yake kwanza, na kinachoteleza hukutana na makaa kabla ya kufika kwenye kokoto na bomba.

Kwa nyasi zilizokwisha kuota huna haja ya kuzing'oa. Toboa kwa uma wenye meno yaliyo wazi ndani kama bomba, ondoa vidonge vya udongo vilivyotoka, jaza mashimo kwa mboji iliyochekechwa na mchanga. Ila mashimo hayo, kabla hayajafungwa na mizizi, ni mifereji. Ngoja nyasi zizibe juu ndipo upige dawa. Usijaze mashimo haya kwa makaa. Utakuwa umeyaweka pale pale mizizi inapopita.

Halafu peleka udongo KALRO Kabete, shirika la utafiti wa kilimo, upimwe kaboni, kabla na baada ya mwaka. Ukitazama kwa macho utajidanganya, kwa sababu makaa machache tu huufanya udongo wote uonekane na afya.

Hatua ya 6: Panga dawa kwa kufuata mbingu

Mchanganyiko mzuri hununua muda, hauzuii gharika. Milimita 30 za mvua kwenye mchanga unaoshika maji sehemu moja tu kwa kumi ya ujazo wake husukuma maji yaliyokuwepo sentimita 30 chini, kina kizima cha grini. Kwenye udongo unaoshika sehemu tatu kwa kumi, mvua hiyo hiyo inasukuma sentimita 10. Kwa hiyo Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kujaza pampu ya mgongoni. Mvua kubwa ikitarajiwa ndani ya siku mbili, dawa yenye mbio ibaki stoo. Dawa ya majani iache ikauke. Usifungulie maji jioni hiyo kwa mazoea. Dawa ya mizizi inahitaji maji ya kuishusha, lakini kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, si zaidi.

Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, jua linapojificha wiki nzima, ukungu hushamiri sana. Hapo kabla ya dawa jaribu kupangusa umande alfajiri kwa kuburuta kamba ndefu juu ya nyasi, na upogoe miti inayoficha jua. Kamba ni ya bure na haizami.

Pampu isuuze juu ya nyasi zile zile, kwa maji kidogo. Nimeona mtu akipiga dawa kwa uangalifu wa daktari, kisha akamwaga masuuzo yote kwenye tundu la mtaro.

Mwisho, tundika kopo la kupimia mvua mbali na miti, na uwe na daftari: tarehe, dawa, kipimo, milimita za mvua siku saba zilizofuata. Kama una bomba la kutolea maji, au kisima kifupi jirani, baada ya mvua ya kwanza kubwa kinga maji kwenye chupa ya kioo ya rangi iliyokolea, iweke kwenye barafu, uipeleke maabara inayopima mabaki ya dawa, kama ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Wapigie kwanza wakueleze chupa wanayotaka, na uwatajie kiambato kilichoandikwa kwenye lebo yako. Ukiwaambia tu "pimeni dawa", hawatajua watafute nini. Kinachopimwa kilinganishe na kikomo cha Ulaya kwa maji ya kunywa, mikrogramu 0.1 kwa lita kwa kila dawa. Chukua na chupa ya pili kutoka juu ya mtaro, kabla ya bomba lako, ili usilaumiwe kwa dawa ya shamba la jirani.